Baba, Kasulu ni wapi?

Binti yangu aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, simu mkononi, kwa sauti ya mtu aliyetoka kusomewa hukumu. TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia watoto shule, walikuwa wametoa majina ya kidato cha tano mchana ule. Alikuwa amejaribu kuingia kwenye ukurasa wao tangu adhuhuri, mtandao ukigoma, na hatimaye umefunguka na kumpa jibu ambalo hakulitaka: shule ya serikali, bweni, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma.

"Ni mbali," nikasema.

"Mbali kiasi gani?"

"Ukipanda basi alfajiri hapa Dar, siku hiyo hiyo hufiki. Ukifika, kesho yake bado unahisi unatikisika."

Mama yake akaacha kukaanga. Mke wangu ni Mchaga wa Machame na mimi ni Mpare wa milima ya Same, kwa hiyo sisi ni watani kabla ya kuwa mke na mume, na mambo mazito ya nyumba hii huanza kwa matusi ya heshima. Safari hii hakutania. Alisema shule za binafsi zipo, akiba ipo kidogo, na mtoto wa kike hapelekwi mpakani mwa Burundi eti kwa sababu kompyuta ya Dodoma imeamua. Binti akaniangalia mimi. Nikatoka nje kupiga simu, maana Kasulu nina mtu. Lakini ili nieleze yule mtu ni nani, na kwa nini mkono ulikuwa mzito kubonyeza jina lake, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Mimi nilipangiwa Tabora, mwaka 1994. Darasa letu la saba lilikuwa na watoto 41, na karatasi iliyobandikwa ofisi ya kata ilikuwa na majina mawili: mimi, na msichana mmoja aliyepelekwa mkoa wa Tanga. Wengine 39 waliambiwa wamefeli. Sasa nikiwa mtu mzima ndiyo naona uongo wa neno lile. Wengi walikuwa wamejibu maswali vizuri tu. Kilichofeli ni nafasi. Kila wilaya ilikuwa na mgawo wake wa viti vya sekondari za serikali, na kwetu Upareni, kama Uchagani, ambako shule za misheni zilikuwa nyingi tangu zamani, mgawo uliminywa ili wilaya ambazo hazikuwahi kuonjeshwa shule nazo zipate. Baba yangu alilalamikia mgawo huo miaka yote mpaka jina langu lilipotoka. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiutaja.

Alininunulia tranka la bati pale Same mjini, la bluu, lenye kufuli ambayo funguo yake ilifungua matranka yote ya bluu nchini, kama nilivyokuja kugundua. Tukafunga godoro kwa kamba ya katani. Basi likanishusha Morogoro jioni, nikasubiri treni ya reli ya kati, ikaja usiku wa manane imejaa mpaka ngazini. Dodoma asubuhi. Saranda tukanunua kuku. Asiyewahi kula kuku wa Saranda kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika dirisha la treni hajasafiri nchi hii. Tabora tukaingia giza limeshatanda, na kitu cha kwanza nilichokisikia ni harufu ya maembe yaliyooza, kwa sababu mji ule umepandwa miembe kila barabara. Kijana wa milimani mimi, nilizoea baridi na ukungu. Nililala usiku wa kwanza nikiwa nimevua kila kitu, na mbu wa Unyamwezi wakanikaribisha ipasavyo.

Bwenini tulikuwa zaidi ya 60, vitanda vya dabo deka. Jina lako halikuwa na kazi. Ulikuwa kabila lako. "Wewe Mpare, lete ndoo." "Mhaya, zamu yako." Kuna Mkurya mmoja nilimaliza naye miaka minne na jina lake la ubatizo nililisikia mara ya kwanza siku ya mahafali. Njuka yeyote, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, aliulizwa mambo matatu: unatoka wapi, kwenu mnakula nini, tuambie salamu ya kwenu. Ndivyo nilivyojifunza "mwangaluka" ya Wasukuma, "mbukwenyi" ya Wagogo, "kamwene" ya Wahehe, "shimbonyi" ambayo miaka mingi baadaye ilinisaidia kwa mama mkwe. Na kila mmoja alipewa mzigo wa kabila lake abebe. Mimi nilibebeshwa kesi: Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Nikikataa, wanasema mnaona, ameshaanza kesi.

Siku ya Ijumaa tulipewa makande. Bweni zima lilinuna. Makande kwetu ndiyo chakula, ndiyo Jumatatu na ndiyo sikukuu, kwa hiyo Ijumaa nilikuwa tajiri. Nilikusanya sahani za wanaosusa, nikala mpaka nikawa nachekwa, na kwa njia hiyo nikapata marafiki wawili wa meza yangu: Mzaramo wa Kisarawe aliyelala kitanda cha jirani, na Muha wa Kasulu aliyelala chini yangu.

Mzaramo alikuwa Mwislamu wa swala tano. Mimi ni Msabato. Kwetu Upareni Kusini wamisionari wa Kisabato walipanda mlimani kutoka Ujerumani mwaka 1903, na bibi yangu alikuwa akipima wiki nzima kwa jua la Ijumaa likizama. Shule yetu ilikuwa na usafi mkubwa kila Jumamosi: kufyeka, kuzibua mitaro, kuteka maji ya jikoni. Jumamosi ya kwanza nilikaa kitandani na Biblia. Nikachapwa viboko vinne. Ya pili nikachapwa sita. Mwalimu wa zamu hakuwa mtu mbaya, alisema tu kwamba shule ni ya serikali na serikali haina dini, na mimi sikuwa na jibu la maana isipokuwa makalio yanayouma.

Mzaramo naye alikuwa na shida yake. Ijumaa walikwenda msikitini mjini kwa miguu, wakirudi wanakuta kazi za mikono zimeshaanza na majina ya waliochelewa yameshaandikwa. Siku moja akaniambia, bila kuinua kichwa, anashona kifungo: "Msabato, Ijumaa chukua kwanja langu. Jumamosi mimi nachukua lako." Ndiyo ilikuwa hivyo kwa miaka minne. Ijumaa nilifyeka vipande viwili, Jumamosi alifyeka viwili. Kiranja alikuwa Mlutheri wa Iringa. Alikuwa akihesabu vipande vilivyofyekwa, si watu waliofyeka.

Siku hizi nikisikia semina za kuvumiliana kidini, zenye maji ya chupa na posho ya nauli, huwa nawaza lile kwanja.

Simwambii mtu kwamba mpango ule wa kuwachanganya watoto wa kila mkoa na kila dini ulitoka mbinguni. Una historia yake, na haina hata umri mkubwa. Kabla ya uhuru shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, kila moja na bajeti yake, na hutauliza ya nani ilikuwa nene. Utaratibu huo ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Hata hivyo shule nyingi za Waafrika zilibaki mikononi mwa makanisa, na mtoto wa Kiislamu wa Kilwa au Kisarawe alikuwa na milango michache sana, mingine ikimtaka abadili jina kwanza. Mwaka 1969 ikapitishwa sheria iliyoiwezesha serikali kuzitaifisha, na kuanzia 1970 shule za misheni zikaanza kupokea watoto kwa karatasi ya wizara badala ya cheti cha ubatizo. Shule yangu ilikuwa mojawapo. Kanisa la matofali mekundu lilibaki la parokia, nusu ya bwalo likaendelea kunukia ubani mpaka wakati wetu, na juu ya mlango wa maktaba kulikuwa na msalaba ambao mtu aliupaka rangi ya ukuta bila kuung'oa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama, mtoto wa mtemi wa Wazanaki, akaenda Mwisenge, kisha mwaka 1937 Tabora, shule ambayo Waingereza waliianza kwa ajili ya watoto wa machifu. Nadhani alipokuja kutawala alikumbuka ilivyo kulala chumba kimoja na watu usiojua lugha yao, akaona dawa ile itawafaa na wasio watoto wa machifu.

Dawa ile, kama ni dawa, haikuandikwa kwenye mtaala. Darasani tulikuwa na tatizo jingine kabisa.

Shule ya msingi nilifundishwa kila kitu kwa Kiswahili. Nilijua usanisinuru: jani, mwanga wa jua, maji, hewa ya kaboni, chakula cha mmea. Ningeweza kukueleza usingizini. Kidato cha kwanza, baada ya wiki chache za kufundishwa Kiingereza mbio mbio, mwalimu wa biolojia akaandika ubaoni neno refu kama treni ya mizigo, na ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba ni jambo lile lile nililolijua. Darasa zima la watoto waliochujwa, bora wa wilaya zao, liligeuka bubu. Mwalimu akiuliza, tunaangalia madawati. Akichoka anafunga mlango, anaeleza kwa Kiswahili, uso unarudi, mikono inanyooshwa, halafu anafungua mlango na kutuandikia notisi za Kiingereza tuzikariri.

Mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa na kibao kilichosema, kwa Kiingereza, kwamba asiye na Kiingereza hana huduma. Mzaramo aliumwa malaria akashindwa kuomba ruhusa ya hospitali mpaka nilipomtungia sentensi, na yenyewe ilikuwa mbovu. Kulikuwa na kiranja wa lugha aliyeandika majina ya wanaozungumza Kiswahili kati ya saa moja asubuhi na saa nane. Na wanaozungumza kilugha? Hao waliandikwa saa zote, hata bwenini, hata usiku. Kwa hiyo tulikuwa na ngazi tatu: Kiingereza cha kuogopea, Kiswahili cha kuishi, na lugha ya mama ya kuficha chini ya blanketi pamoja na karanga. Kitu pekee kilichotufanya sisi 60 tuwe watu wa nyumba moja kilikuwa ndicho kosa darasani. Sera imebadilika badilika tangu wakati ule, ya 2014 ikafanya watu wengi tuamini Kiswahili kitapanda mpaka sekondari, lakini mpaka leo binti wa dada yangu huko mlimani anakutana na treni ile ile ya mizigo ubaoni akifika kidato cha kwanza.

Lakini nilisema nitaeleza habari za Muha.

Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu kwa malaki wakakimbilia Kigoma na Kagera. Aprili 1994 ikaja Rwanda. Tulisikia kwa redio ya mpishi, Redio Tanzania, kwamba zaidi ya watu 200,000 wamevuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi. Tulikuwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano. Hatukujua la kufanya na habari kubwa kama ile, tukaigeuza kuwa jina. Kiha na Kirundi ni lugha za jirani sana. Anayezungumza moja anasikia nyingine bila mkalimani. Muha wetu akawa "Mrundi", halafu "Mkimbizi". Kwanza ilikuwa utani, na alicheka. Halafu akaacha kucheka nasi hatukuacha kuita. Akaacha na kuongea Kiha kabisa, hata na Muha mwenzake wa kidato cha tatu. Nilikuwa nikiwaona wanasalimiana kwa Kiswahili sanifu kama watangazaji.

Mwezi Juni likapotea blanketi. Mali ya mtu wa Mwanza, jipya, la mistari. Bwenini mtu akasema, bila kunong'ona, "Mwulizeni mkimbizi." Patroni akaja, tranka la kwanza kufunguliwa likawa la Muha. Nakumbuka vitu vilivyotoka: shati moja la shule, kopo la mawese lililofungwa kwa nailoni mbili, daftari, picha ya watu wamesimama mbele ya mgomba. Patroni akalifungua hata lile kopo, akanusa. Mimi nilikuwa nimekaa juu, miguu inaning'inia karibu na kichwa chake. Saa ambayo blanketi lilisemekana kuibwa nilikuwa naye mtoni tunafua. Nilijua. Sikusema. Sababu yenyewe ni ndogo hata kuisimulia ni aibu: niliogopa kwamba nikimtetea nitaitwa na mimi.

Blanketi lilipatikana siku mbili baadaye limeanikwa kwenye kamba ya bweni jingine; mwenyewe alilisahau. Hakuna aliyeomba radhi. Muha hakugombana na mtu. Aligeukia ukutani, na kwa wiki kadhaa hakunisemesha.

Kama tungekuwa watoto wa mtaani, tungeachana pale. Angekwenda kwao, ningekwenda kwetu, kila mmoja akamwambie mama yake wale watu ndivyo walivyo. Lakini bwenini huendi popote. Jioni ile ile tulikaa meza moja, sinia moja la ugali, na mkono wake na wangu vikakutana kwenye bakuli la maharage. Umeme ukawa unakatika kila usiku wa mitihani. Mimi nilikuwa na mafuta ya taa niliyonunua kwa hela ya baba. Yeye alikuwa na chemli. Nilikaa gizani na mafuta yangu siku mbili. Ya tatu nikashuka kitandani nikaiweka chupa karibu na mguu wake bila kusema kitu. Akaijaza, akawasha, akaisogeza katikati. Tukasoma jiografia. Saa nne na nusu, wakati wa kuzima, akasema akiwa anaangalia utambi: "Ulikuwa mtoni na mimi." Nikasema ndiyo. Akapuliza taa.

Hayo ndiyo maneno yote tuliyowahi kusemezana juu ya jambo lile kwa miaka zaidi ya thelathini.

Watu wa rika langu wanapoimba sifa za bweni za zamani, kwamba zilitufanya Watanzania, huwa nakubali nusu. Tulitaniana vizuri. Nakumbuka Mzaramo alipopata simu ya maandishi kwamba baba yake amefariki, mpishi wetu Mnyamwezi, mzee mzima, alikuja bwenini na aproni yake, akajitupa kwenye kitanda cha mfiwa, akasema hatoki mpaka alipwe, maana Wazaramo wana deni kwake tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Tulichanga sarafu kumtoa. Mzaramo alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na zile sarafu mpishi alizirudisha kwake kimya kimya ziwe nauli. Siwezi kukuonyesha ukurasa wa kitabu chochote cha uraia uliofanya kazi ile. Ila bweni lile lile ndilo lililofungua tranka la Muha kwanza. Halikutufanya wema. Lilitunyima pa kukimbilia tu, tukalazimika kukaa na tulichokifanya.

Na bweni lile lilikuwa la wawili kati ya 41.

Mdogo wangu wa kike alimaliza darasa la saba 1996. Alikuwa na akili kuliko mimi, baba alilijua hilo na alilisema. Hakuchaguliwa. Shule za binafsi na za Jumuiya ya Wazazi ya CCM zilikuwepo Upareni lakini ada ilikuwa moja na imeshakwenda Tabora kununua mafuta ya taa. Leo anauza ndizi na tangawizi mnadani. Ulipokuja mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, mwaka 2004, na kila kata kuambiwa ijenge sekondari, alibeba mawe kichwani kutoka korongoni na wenzake, Jumatano na Jumapili, mpaka madarasa manne yakasimama. Nchi nzima ilifanya hivyo. Wanafunzi wa sekondari, ambao hawakuzidi sana 430,000 mwaka ule, walipita 1,400,000 kufikia 2009. Majengo yalitangulia walimu, maabara zikabaki vyumba vyenye meza za saruji bila bomba, na matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri, taifa likashika kichwa. Ni kweli yote hayo. Lakini wanawe watatu wamesoma sekondari wakilala nyumbani kwao, na tangu 2016 bila ada.

Niliwahi kumlalamikia, nikiwa nimekunywa chai yake, kwamba shule za kata zimeua kuchanganyika: watoto wa mlimani wanasoma na watoto wa mlimani, mwalimu akitoka nje ya darasa wote wanarudi kwenye Chasu, lugha yetu Wapare, mgeni pekee wanayemwona ni mwalimu wa hesabu kutoka Bukoba ambaye naye anaomba uhamisho. Akanisikiliza. Akasema, "Kaka, wewe unalilia bweni kwa sababu ulilipata." Halafu akaniongeza chai. Sijapata jibu la kumpelekea.

Wala mimi sikumpeleka binti yangu shule ya kata. Niwe mkweli. Amesoma Dar kwa Kiingereza tangu chekechea, basi la njano likimchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mimi niliyechukia kibao cha ofisi ya walimu nimelipa ada miaka kumi na mbili ili asikutane nacho. Darasani kwake kulikuwa na kila kabila, na Wahindi, na mtoto wa Mkongo mfanyabiashara. Ukimwuliza fulani ni kabila gani anakukodolea macho. Hajui wala hajali, na hilo nalihesabu kuwa jema. Lakini baba zao wote wana magari. Hajawahi kugawana chemli na mtu asiye na mafuta. Mitaala mipya iliyoanza 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na nimepitia kitabu chake, si kibaya. Ila siamini kama maadili yale yatakaa kichwani mwa mtoto ambaye kila jioni anarudi kwa watu wanaofanana naye.

Nilipiga simu. Iliita mara mbili.

"Msabato!" Sauti imekuwa nzito, lakini kicheko ni kile kile. Amekuwa mwalimu Kasulu miaka mingi sasa. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akaniuliza binti anakula dagaa. Nikasema anakula piza. Akasema watamzoesha.

Tukaongea mengine. Akanisimulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyo wilayani kwao tangu 1996. Nikamwuliza watoto wa kule wanasoma wapi. Ndani, akasema, shule zao wenyewe: Wakongo kwa mtaala wa Kongo, Warundi kwa mtaala wa Burundi, ili siku wakirudi makwao wasianze upya. Sababu ina akili, alisema, hana ugomvi nayo. Lakini kuna watoto waliozaliwa pale, hawajawahi kuiona Bukavu wala Bujumbura, wanazungumza Kiswahili cha Kasulu kama wanafunzi wake, wanamaliza shule upande mmoja wa kizuizi na wanafunzi wake wanamaliza upande wa pili, na hawajawahi kushindana hata mpira. "Unakumbuka mlivyokuwa mnaniita?" akasema. Alisema kwa upole tu, kama mtu anayetaja jina la mwalimu wa zamani. Nikasema nakumbuka. Akasema, "Basi."

Nikamwomba ampokee binti stendi. Akakubali. Nikamwomba awe anamwangalia kila wiki. Akakataa.

"Nitampokea, nitamfikisha getini. Kisha mwezi mzima hataniona. Nikimtembelea kila Jumapili na mikate, atapata wapi watu?"

Mke wangu alichukua siku tano kukubali, na alikubali kwa masharti ya Kichaga, yaani kwa maandishi. Ada ya kidato cha tano imefutwa tangu 2022, lakini fomu ya kujiunga ilikuwa na kurasa sita: godoro, shuka mbili, ndoo mbili zenye mfuniko, rimu ya karatasi, fagio la chelewa, reki. Niliposoma reki nikacheka peke yangu. Miaka zaidi ya thelathini, nchi imebadilisha marais na mitaala, mtoto anaomba shule kwenye kompyuta, na reki bado iko namba kumi na moja. Muuza duka wa Mbagala alinionyesha mbili. Nikachagua yenye mpini mrefu.

Kituo cha Magufuli, Mbezi, alfajiri kungali giza. Binti alikuwa amevimba macho na hakutaka kupigwa picha. Konda alikuwa akipakia buti kwa hasira za saa kumi na moja, akasukuma reki yetu ndani, ikagoma. Akaivuta, ikaja na nyingine, meno kwa meno, imefungwa kitambaa chekundu mpinini.

"Hizi reki za nani?"

Binti yangu akajitokeza. Kutoka upande wa pili wa basi akajitokeza msichana mwingine, ushungi mweupe, tranka begani, analia waziwazi bila kujificha. Wakashika kila mmoja mpini wake wakaanza kuzivuta, konda akiwafokea kwamba wanachelewesha watu wa Kigoma.

"Usivute hivyo," nilimsikia binti yangu akisema. "Inua kwanza."